Ulimi wa Watasema

Ilianza siku ya Jumatano, saa kumi alasiri. Saa hiyo naijua kwa sababu gari la moshi lilikuwa linapita kule chini bondeni, moshi wake mweupe mwembamba kama uzi, na nyumbani kwetu mlimani hatukuwa na saa nyingine. Bibi alikuwa ametandika jamvi ukutani upande wa kivuli. Mama alinyoosha mguu wake wa kulia, Bibi akaushika kwa nguvu kama mtu ashikaye kuku asimponyoke, akaanza kumtoa funza katika kidole gumba kwa mwiba wa mchungwa.

Nimeyakumbuka haya kwa ajili ya kijibwa cha Sista Mkuu. Juzi hapa shuleni misheni tulikuwa tunashona, nikajichoma sindano, nikauning'iniza mkono chini ya meza nisionekane, maana sipendi kutazamwa. Kijibwa kikaja kikaniramba kidole. Niliinuka bila kuomba ruhusa, nikaenda kwenye pipa la maji nje, nikaosha, nikaosha, nikaosha. Niliporudi wenzangu walikuwa wameshika mbavu.

"Mwalimu wa chuo huyo amerudi!" alisema mmoja.

"Dada wee, mbwa wa Sista amebatizwa, hana najisi!"

Mimi nikichekwa ulimi wangu huingia ndani kama kichwa cha kobe. Lakini usiku ule nilikosa raha, na leo nimekaa na karatasi yangu, niwaandikie ninyi mlio umri wangu yale ambayo kwa mdomo sitaweza kuyasema. Hawakukosea sana walioniita mwalimu wa chuo cha Kurani. Nimetoka nyumba ya Waislamu. Na sikuwa naosha najisi.

Nyumba yetu ilikuwa juu, ukiondoka mjini Morogoro alfajiri unafika jua likiwa limeshakuwa kali. Tulikuwa watatu, Bibi, Mama na mimi, nami sikuwa nimepoteza meno yote ya utoto. Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi, ndio Wajerumani, njia ya Kisaki, msafara ukarudi bila yeye. Basi shamba likabaki la wanawake, na nguruwe mwitu wanajua shamba la wanawake kama nzi ajuavyo kidonda. Ndipo Mama akaleta mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Majirani wakasema: mjane yule, dini yake Islamu, anafuga mbwa! Mama hakugombana na mtu. Alimwita mbwa wake Watasema, na kila jioni akasimama uani akampigia kelele kilima kizima kisikie, "Watasemaaa! Watasemaaa! Njoo ule!"

Jirani yetu Mama Chausiku alijibu toka ng'ambo ya kijito, "Tumekwisha sema, shoga, sasa tumechoka! Mpe jina jingine!"

Mama akicheka hivi, mabega yote yanacheka. Hilo nalikumbuka kuliko uso wake.

Aliyekataa kabisa kumzoea mbwa ni Mjomba, kaka yake Mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Yeye alisomesha Kurani mjini, kanzu yake nyeupe hata wakati wa matope. Tangu Watasema aje, Mjomba hakuvuka tena migomba inayozunguka ua wetu. Alisimama njiani, tukamwamkia kutoka mbali.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba. Mfunge huyo! Nyumba ya dada yangu naitazama kwa mbali kama mwezi wa Ramadhani!"

Akanifundisha, akiwa kule kule njiani, kwamba mbwa akiramba chombo kioshwe mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Bibi naye, aliyekuwa akisali kwa namna yake na kuwakumbuka wazee wake kwa namna yake, alikuwa na elimu nyingine. Alisema ulimi wa mbwa ni dawa. "Umewahi kuona mbwa mwenye kidonda akaenda kwa mganga? Hujiramba akapona." Kwa hiyo kila akimtoa mtu funza, na funza siku zile walikuwa wengi, ingawa Bibi alisema alipokuwa msichana hawakuwako kabisa, alipiga mluzi Watasema akaja akaramba lile tundu. Mimi nimerambwa hivyo mara nyingi. Ulimi ni moto na unakwaruza kidogo, kisha panawasha raha.

Sasa mtoto afanye nini na elimu mbili? Nilikaa nikafikiri, nikaamua kwamba ni jambo la mahali. Chini mjini kwa Mjomba ulimi wa mbwa ni najisi, na huku juu kwa Bibi ni dawa, kama vile chini kuna joto na juu kuna baridi, na ndizi za chini si ndizi za juu. Sikumwuliza mtu. Niliridhika kabisa na akili yangu.

Jumatatu ya juma lile nguruwe alianguka katika shimo tulilochimba pembeni ya mahindi. Nyama yake sisi hatuli, basi akaachwa humo, Watasema akala. Jumanne akala tena. Jumatano nguruwe alikuwa ananuka mpaka mlangoni, na Watasema bado anakula. Alipokuja kwa mluzi wa Bibi alikuwa na harufu ile mdomoni. Mama aligeuza uso akasema, "Mama, leo huyu ananuka mzoga."

"Pua yako ndiyo ina kidonda au mguu?" alisema Bibi. "Tulia."

Mama akatulia. Watasema akaramba tundu la funza taratibu, macho ameyafumba nusu, kama mama anayemramba mwanawe.

Alhamisi tulipoamka kidole kilikuwa kimekuwa chekundu na kinang'aa. Adhuhuri uvimbe ulikuwa umepanda hadi kifundoni, na ukiweka kiganja juu yake bila kugusa unasikia joto, kama kuta za nyumba zinavyotoa joto jua likishatua. Mama alijaribu kwenda shambani akarudi anachechemea. Bibi alitazama, akasema, "Ni dawa hiyo. Inapigana." Akapiga mluzi tena.

Jioni Mama alianza kutetemeka. Tulimfunika kaniki zake zote mbili na jamvi juu yake, meno bado yakagongana. Mtoki ulikuwa umemtoka kinenani, mkubwa kama yai la kuku, hakutaka hata nguo iuguse. Mama Chausiku alikuja na uji, akamwona, akatoka mbio bila kuuweka uji chini. Mume wake ndiye aliyeteremka mjini kumwita Mjomba.

Mjomba alifika Ijumaa asubuhi, amelowa umande mpaka magotini. Alifika kwenye migomba akasimama. Watasema alikuwa amelala kizingitini.

"Ana nini?" aliuliza kutoka kule kule.

"Mguu," alijibu Bibi. "Funza."

"Funza tu? Na mbwa je? Mama, niambie kweli, mbwa ameugusa?"

Bibi alimtazama Watasema. Mjomba akapata jibu lake. Alishika kichwa. Akasema kwa sauti ya kufundishia, ile ninayoijua, "Basi osheni! Osheni mara saba, moja kwa udongo! Nimewaambia siku zote, nimewaambia!"

Naam, Bibi ambaye hakuwahi kumsikiliza mwanawe hata kwa habari ya mvua, siku ile alimsikiliza. Nadhani alikuwa ameanza kuogopa. Alichota udongo pale pale uani, mahali mbuzi wanapolala, akauponda na maji ndani ya kata, akampaka Mama kidole na tundu lake na wayo wote, akasugua. Mama alilia sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu. Mimi ndiye niliyemwagia maji na kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Nilihesabu kwa makini sana, kwa sababu niliamini kwamba hesabu ikitimia Mama atainuka. Ilitimia. Bibi akafunga mguu kwa kitambaa, tukakaa tukimtazama, tukingoja ainuke. Mjomba naye akangoja, amekaa juu ya jiwe nje ya migomba, tasbihi mkononi.

Nimewaza sana juu ya udongo ule. Mjomba alisomea chombo, sahani au bakuli. Mguu wenye tundu si sahani. Naye hakuuona mguu, maana hakuvuka migomba. Bibi aliuona lakini hakujua chuo. Katikati yao palikuwa na ua wetu mdogo na mbwa amelala kizingitini.

Jua lilipofika utosini Mama alianza kusema maneno yasiyo na mwelekeo. Alimwita Baba, akamwambia ateremshe mzigo apumzike. Bibi alifungua kitambaa. Kidole kilikuwa cheusi. Si weusi wa ngozi yetu, ni weusi wa ndizi iliyosahauliwa. Bibi alitoka nje akasimama uani na mikono yake mitupu, akasema polepole, "Mwanangu. Njoo umwone dada yako."

Nilimwona Mjomba akiinuka. Alivuka migomba. Watasema, ambaye hakuwahi kumwona mgeni huyu ndani ya ua, aliruka kwa furaha, akamramba mkono, akamramba miguu, akamwacha na alama za matope kwenye kanzu. Mjomba hakumpiga wala hakumtazama. Aliingia ndani akapiga magoti, akamshika Mama usoni kwa mkono ule ule uliorambwa.

"Tunamteremsha kwa daktari wa Wadachi," alisema.

"Watamkata!" alisema Bibi.

"Wamkate."

"Mtu huzikwa mzima, we mtoto!"

"Mama, kuna kuzikwa na kuna kuishi. Niitieni wanaume."

Wakafunga machela kwa miti miwili na jamvi lile lile la Jumatano. Nilikwenda nyuma yao nikishika kaniki ya Bibi. Sasa nitawaambia jambo nililolificha mpaka leo, si kwa kuwa ni baya, bali kwa kuwa ni la kitoto. Nilikuwa nalia njia nzima, wote wakadhani namlilia Mama. Nililia kwa sababu walikuwa wanamteremsha. Kwa akili yangu ile, ndani ya mguu wa Mama mlikuwa na dawa, na kila tulipoteremka dawa iligeuka najisi. Pale tulipopita mahali baridi inapokwisha na mtu huvua nguo ya begani, nilimtazama Mama nikaona jasho limemtoka na midomo imebadilika rangi, nikajua: ndiyo hapa inageuka. Nilitaka kuwaambia wamrudishe juu. Lakini nilikuwa mtoto, na mwenye aibu, nami nilifikiri wakubwa wanajua.

Hospitali ilikuwa nyumba ndefu nyeupe karibu na boma, inanuka dawa kali inayochoma pua. Daktari Mdachi alikuwa mzee mwenye ndevu, hakusema Kiswahili kingi. Aliyesema ni msaidizi wake, kijana wa pwani mwenye fulana safi. Daktari aliushika mguu, akaubonyeza, akapandisha kidole chake taratibu juu ya mstari mwekundu uliokuwa unatoka gotini kwenda pajani. Akasema neno.

"Anauliza kidonda hiki kimeguswa na nini," alisema msaidizi.

"Hakikuguswa na kitu," alisema Bibi.

"Udongo," alisema Mjomba. "Na kabla ya udongo, mbwa."

Bibi alimtazama kwa jicho la kumlaani. Msaidizi akamgeuzia daktari maneno yale, daktari akatikisa kichwa, wakasemezana. Kisha msaidizi akachuchumaa, sijui kwa nini alinichagua mimi, labda kwa sababu mimi tu nilikuwa namtazama. Alisema, "Katika mdomo wa mbwa kuna wadudu wadogo sana, hawaonekani kwa macho. Yeye hawamdhuru, amezoeana nao. Wakiingia katika damu ya mtu ndio hufanya hivi. Unaelewa, mdogo wangu?"

"Wazungu!" alisema Bibi, akacheka kicheko kikavu. "Mpaka wasioonekana wanawaona!"

Daktari alisema kuukata mguu hakutafaa tena kitu, sumu imekwisha panda kupita mguu wenyewe. Alipasua kidole na wayo, usaha ukatoka na maji meusi, wakaosha kwa ile dawa inayochoma pua. Akasema tungoje. Tukalala barazani.

Asubuhi ya Jumamosi Bibi na Mjomba walikuwa nje wanabishana kwa sauti ya chini. Niliingia kwa Mama peke yangu. Nilikuwa na ule mwiba wa mchungwa. Bibi huuchomeka katika pindo la kaniki yake, nami nilikuwa nimeuchomoa amelala. Funza naye haonekani vizuri, lakini mtu mwenye subira humwona. Basi nilifunua kitambaa mahali palipo pazima, juu ya goti, nikainamisha kichwa mpaka pua inakaribia ngozi, nikaanza kuwatafuta.

Mama alikuwa macho. Macho yake yalikuwa ya manjano, lakini ni yeye.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Wadudu. Daktari amesema wamo."

Alipumua harakaharaka kama mtu aliyepanda mlima. "Ukiwaona," alisema, "waambie Mdachi anakuja kuwadai kodi ya nyumba. Watatoka wenyewe."

Mabega yake yakacheka kidogo. Kisha akasema, "Watasema amekula?"

Nilimwambia amekula. Sikujua kama amekula. Mama akafumba macho, nami nikaendelea kutafuta, sikuona hata mmoja, mpaka Mjomba akaja akanitoa mwiba mkononi bila kunigombeza, akaurudisha kwa Bibi.

Mama alifariki mchana ule, gari la moshi likiwa stesheni, ninasikia pembe lake. Alizikwa mjini kabla ya jua kutua, mtu mzima, miguu yote miwili, kama Bibi alivyotaka. Mjomba alisema tulale kwake. Bibi alikataa. Alisema shamba halina mtu. Tukapanda wawili usiku ule kwa mbalamwezi, na nilipofika pale baridi inapoanza nilisimama nikangoja nione kama kuna kitu kitabadilika. Mjomba hakuwa nyuma yetu, lakini alikuwa ametuambia tukiwa mlangoni pake kwamba mbwa auawe. Bibi aligeuka akashika njia ya mlimani.

Watasema alitupokea njiani, akaturukia. Akapita kati yetu akaenda kutazama njia nyuma yetu, akasimama huko muda mrefu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Kesho yake asubuhi nilishindwa kukanyaga vizuri. Bibi aliona. Hakuwa amelala, alikuwa amekaa ukutani kama kifurushi, lakini jicho lake kwa miguu ya watu halikuwahi kulala.

"Lete," alisema.

Nilikaa juu ya udongo mtupu, maana jamvi lilibaki hospitali. Alichukua mguu wangu, akauelekeza kwenye mwanga, akatoa funza mzima na mfuko wake wa mayai, hakupasuka. Tundu likabaki, jekundu, la kukaa punje ya mtama. Bibi akaweka mwiba kwenye pindo, akakusanya midomo, akapiga mluzi, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango alioufunga miaka yote.

Watasema akaja, amefumba macho nusu.

Nikauvuta mguu. Nikauficha chini ya kaniki yangu, nikalikalia pindo lake. Sikuwahi kumnyima Bibi kitu maishani mwangu, nami sikumtazama. Nilitaka kumwambia lile la msaidizi, nikaona nikilisema nitakuwa namwambia ni yeye aliyemwua mwanawe. Nikasema tu, "Haliumi, Bibi."

Mbwa alinusa kaniki, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Bibi alikuwa bado amekusanya midomo ya mluzi. Nikaona ikilegea, kidogo kidogo, mpaka ikawa midomo ya mtu mzee sana. Aliweka mkono wake juu ya kichwa cha Watasema akamsukuma pembeni, si kwa nguvu.

"Haya," alisema, na uso ameuelekeza ukutani. "Nenda kaoshe."

Nikatembea kwa kisigino mpaka kijitoni. Ng'ambo Mama Chausiku alikuwa anachota maji; aliniona, akaweka kibuyu chini, hakuniita. Nilikaa juu ya jiwe nikaingiza mguu. Maji ya mlimani asubuhi yanauma kama meno. Nilichota kwa kiganja nikamwagia lile tundu, maji matupu, bila udongo, nikihesabu. Nilipofika saba sikuacha.